Habari za Maji ya Matunda Yasiyolevya

Tunda likiisha kukamuliwa, maji yake hayangoji. Mgema apandaye mnazi alfajiri hushuka na tembo tamu, na kabla jua halijatua tembo lile lile limekwisha kuwa kali, na likiachwa siku chache huwa siki ya kutilia achari. Na hali hiyo ya mnazi wetu ndiyo hali ya mzabibu wa Sham, ya mtende wa Basra, ya muwa wa Pangani na ya mtofaa wa nchi za baridi, kwani kila penye sukari na maji pana hamira iliyoletwa na upepo au iliyokuwa imekaa juu ya ganda la tunda lenyewe, nayo haina kazi nyingine ila kuigeuza sukari hiyo kuwa pombe. Kwa sababu hiyo wanadamu walijua kutengeneza mvinyo maelfu ya miaka kabla ya kujua kuyazuia maji ya zabibu yasiwe mvinyo, wala si ajabu, maana lile la kwanza hujitendekea lenyewe, na hili la pili lilitaka moto, chombo, kizibo, na mtu mwenye sababu ya kujisumbua.

Sababu hiyo ndiyo nitakayo kuieleza hapa. Aghalabu waandikao habari za kuhifadhi vyakula katika chupa na makopo huanza na majeshi na merikebu, wakasema kwamba njaa ya askari na ya baharia ndiyo iliyozaa maarifa hayo, na kwa habari ya nyama na kunde wasemayo ni kweli. Lakini hakuna jeshi lililokwenda vitani kwa nguvu ya maji ya zabibu. Ukizifuata habari zake tangu zamani utawakuta njiani mafakihi, wahudumu wa kanisa, watu wasiokula nyama wala kugusa kileo, na wanawake wa nyumbani waliotaka watoto wao wanywe kitu kitamu wakati wa baridi kali. Hao ndio walioikeshea kazi hii, wala si majemadari.

Katika Warumi, mzee Cato, aliyefariki mwaka 149 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, aliandika kitabu cha ukulima ambacho ndani yake mna maagizo mafupi kwa mwenye shamba atakaye kuwa na maji ya zabibu mwaka mzima: ayatie katika kasiki, aizibe na kuupaka mdomo wake lami, aitumbukize katika birika la maji, na baada ya siku 30 aiopoe. Hakuna zaidi ya hayo. Maji ya birika yakiwa baridi hamira hulala, na masimbi yake hutua chini, na lami huzuia hewa mpya isiingie. Kwa hiyo huenda kasiki moja ikasalimika na jirani yake ikapasuka, kwani mambo yote yalitegemea ubaridi wa birika. Ukiyatazama maagizo hayo kwa macho ya leo utaona kwamba Cato alikuwa na nusu ya hikima mkononi mwake: alikuwa na chombo, na kizibo, na lami, na lililobaki ni kukitia chombo kile kile kilichozibwa katika maji ya moto badala ya maji baridi. Nusu hiyo ya pili ilikawia karibu miaka 2000.

Warumi walikuwa na njia nyingine pia, nayo ni kuyachemsha maji ya zabibu hata yapungue na kuwa shira nzito, na waandishi wao wa ukulima walihimiza yachemshiwe katika vyombo vya risasi, kwa kuwa shaba iliyaharibu ladha. Risasi iliyatia utamu kweli kweli, maana uchachu wa tunda ukikutana na risasi huzaa chumvi tamu yenye sumu. Na ni hasara kubwa kwamba ulimi hautofautishi baina ya utamu wa sukari na utamu wa mauti.

Ulipokuja Uislamu na ulevi ukaharimishwa, suala la maji ya matunda halikuwa tena suala la ladha, likawa suala la hukumu, na wanavyuoni wakalazimika kuyajua mambo ya jungu na mtungi kuliko wapishi wenyewe. Imepokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akirowekewa zabibu kavu, akayanywa maji yake siku ile, na siku ya pili, na siku ya tatu hata jioni, kisha yaliyosalia hunyweshwa watu au humwagwa. Na wajumbe wa kabila la Abdul-Qays walipomjia kutoka upande wa Bahrain, walikatazwa kurowekea vinywaji vyao katika vyombo vya namna nne: kibuyu, mtungi wa kijani uliosiribwa, gogo la mtende lililochimbwa, na chombo kilichopakwa lami, na wanavyuoni wakaeleza kwamba vyombo hivyo huharakisha kuchacha, mtu akanywa kilevi naye hana habari, na kwamba baadaye katazo hilo lililegezwa kwa sharti la kujiepusha na kila kileweshacho. Mgema yeyote ataifahamu hoja hii bila ya kusomeshwa, kwani kibuyu cha tembo hakiwi safi hata ukioshe vipi. Hamira ya jana hujificha katika vitundu vyake ikayangojea maji mapya.

Na katika Muwatta ya Imamu Malik mna kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab alipofika Sham, wenyeji wakamlalamikia uzito wa nchi yao na maradhi yake, wakasema kwamba hawasitawi ila kwa kinywaji chao cha zabibu. Aliwaambia wanywe asali, wakajibu kwamba asali haiwafai. Ndipo walipomletea maji ya zabibu yaliyochemshwa hata theluthi mbili zikaondoka na theluthi moja ikabaki. Naye akatia kidole, akainua mkono, na ile shira ikaufuata mkono ikivutika, akasema kwamba inafanana na lami wapakwayo ngamia, kisha akawaruhusu. Si masahaba wote walioridhika, maana Ubada bin Samit alimkabili papo hapo juu ya jambo hilo. Nami nionavyo, kipimo kile cha theluthi ni cha ajabu, kwa kuwa maji ya zabibu yaliyoiva huwa na sukari yapata sehemu moja katika tano, na yakipunguzwa hata theluthi sukari hiyo huzidi nusu ya uzito wake, na hapo hamira haina tena nguvu ya kufanya lolote. Hapakuwa na mtu wa zama zile aliyejua hamira ni kitu gani, lakini mpaka waliouweka uliangukia mahali pake.

Kutoka hapo ndipo zilipotoka shira na sharubati zote za Mashariki, za zabibu, za tende, za komamanga, na sukari ya miwa ilipoenea zikawa na za waridi na ndimu na ukwaju. Kanuni yao ni moja: sukari ikizidi, hamira hufa kiu ndani ya maji. Lakini shira si maji ya tunda. Ni kumbukumbu yake iliyotiwa sukari, na kwa muda mrefu sukari yenyewe ilikuwa bidhaa ya matajiri, hata katika Ulaya ikauzwa na wauza dawa kwa mizani ndogo. Maskini aliyetaka maji ya zabibu yalivyo, mepesi, yenye harufu ya shambani, alikuwa hana budi kuyanywa siku ile ile au kuyangoja yawe mvinyo.

Mtu aliyeufungua mlango huu alikuwa mfanya vitamu. Nicolas Appert alizaliwa mwaka 1749 katika mji wa Châlons, nchi ya Champagne katika Ufaransa, baba yake akiwa mwenye nyumba ya wageni, naye akakulia baina ya jiko na ghala ya mvinyo. Kisha akafungua duka la vitamu katika mji wa Paris, na humo alishughulika miaka mingi na matunda yaliyohifadhiwa kwa sukari hata akaichoka sukari yenyewe, akiiona ghali na akiilaumu kwa kuifunika harufu ya tunda. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa alifungwa gerezani mwaka 1794 akaponea chupuchupu, na baada ya hapo alijitenga nje ya mji, akaishia Massy, alikojenga karakana iliyozungukwa na mashamba yake mwenyewe ya njegere na maharagwe, ili kusiwe na masafa baina ya shina na chungu.

Kazi yake yafaa itazamwe kwa karibu, maana ndiyo kazi ile ile inayofanywa jikoni hata leo. Alichagua chupa za namna ya zile za mvinyo wa Champagne, kwa kuwa ni nene na zimezoea kustahimili msukumo; akaufanya mdomo wake uwe mpana kidogo kwa vyakula vigumu, na kwa maji ya matunda akautumia kama ulivyo. Vizibo vyake havikuwa vya kipande kimoja, ila vipande kadhaa vya gome vilivyounganishwa kwa gundi ya samaki, vikielekezwa hivi kwamba vitundu vya gome visipitishe hewa kutoka nje kwenda ndani. Alivipigilia kwa nguvu, akavifunga kwa waya, na chupa zenye mdomo mpana akazipaka chokaa isiyozimwa iliyokandwa pamoja na jibini laini, mchanganyiko ambao ukikauka huwa mgumu mno. Kisha kila chupa iliingizwa katika mfuko wake wa turubai, ili zisigongane, na kama moja ikipasuka vigae visitapakae. Zikasimamishwa katika sufuria kubwa, yakatiwa maji hata kufika shingoni, sufuria ikafunikwa kwa kifuniko na nguo mbichi juu yake, na moto ukawashwa. Alipokwisha kuchemsha kwa muda alioujua yeye kwa kila kitu, alizima moto, akayatoa maji, akaziacha zipoe polepole.

Jambo kubwa katika hayo yote ni utaratibu wake. Wengi waliomtangulia walipika kwanza, kisha wakamimina, kisha wakaziba, na katika ile nafasi fupi ya kumimina hewa ya jiko ilirudisha kila walichokiua. Appert aliziba kwanza, akapika baadaye. Hakujua kwa nini inafaa, naye hakuona haya kusema kwamba maarifa yake ni ya mkono. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimpa faranga 12,000 kwa sharti kwamba aitangaze siri yake katika kitabu, akaitangaza. Na wale wasemao kwamba zilikuwa tuzo ya Napoleon iliyongojewa tangu mwaka 1795 wanaipamba hadithi. Kitabu kile kilikuwa na maji ya matunda madogo mekundu ya Ulaya, na maji ya zabibu pia, mbali na nyama na maziwa na kunde. Mwaka ule ule, huko Uingereza, Peter Durand alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi juu ya kutumia kopo la bati badala ya chupa, na tangu hapo nyama ya majeshi ikaifuata bati; lakini maji ya matunda, ambayo uchachu wake huila bati na kuacha ladha ya chuma, yalibaki na kioo. Appert mwenyewe karakana yake iliharibiwa na majeshi ya kigeni yalipoingia Ufaransa mwaka 1814, akapewa sifa nyingi na fedha kidogo, akafa Massy mwaka 1841 katika ufukara, akazikwa katika kaburi la halaiki.

Chupa zake za maji ya zabibu zilikuwa na kazi nyingine ambayo hakuitaraji. Mtaalamu mashuhuri Gay-Lussac alichukua chupa ya Appert iliyokuwa imekaa mwaka mzima bila ya kubadilika, akayahamisha maji yake katika chupa nyingine, na baada ya siku chache yakaanza kutoa povu. Akahukumu kwamba hewa ndiyo iliyochachusha, na jina lake lilivyokuwa kubwa, ulimwengu ukamwamini kwa miaka mingi. Mtaalamu mwingine, Theodor Schwann, alipoonyesha mwaka 1837 kwamba hewa iliyopitishwa motoni haichachushi, na kwamba hamira ni kiumbe hai, wakubwa wa elimu walimdhihaki. Hata alipokuja Louis Pasteur ndipo ugomvi ulipokatwa, na mwaka 1865 akapata hati juu ya kuupasha mvinyo moto wa kadiri, usiofika kuchemka, ili usiharibike. Pasteur alikuwa akiwatumikia wenye mvinyo. Hakuchelewa mtu kuitumia elimu ile ile dhidi yao.

Mtu huyo alikuwa Thomas Bramwell Welch, mzaliwa wa Uingereza aliyekulia Marekani, tabibu wa meno katika mji mdogo wa Vineland, jimbo la New Jersey. Mji wenyewe ulikuwa umeasisiwa mwaka 1861 kwa sharti kwamba vileo visiuzwe ndani yake, na Welch alikuwa Mmethodisti mwenye kuchukia ulevi, na katika kanisa lake alikabidhiwa kazi ya kutayarisha ushirika mtakatifu. Kazi hiyo ilimtia mashakani: vipi mtu aliyeapa kutogusa kileo aandae meza yenye kileo kwa jina la dini? Mwaka 1869 alichukua zabibu za Concord, zile nyeusi zenye ganda lichubukalo kwa urahisi na harufu kali, ambazo Ephraim Bull alikuwa amezizalisha huko Massachusetts. Akazipika kidogo, akazikamua kwa mifuko ya nguo, akajaza chupa, akaziba kwa kizibo na nta, kisha akazichemsha katika maji jikoni mwake mwenyewe. Ni kazi ya Appert kwa nia ya mtawa. Akaiita mvinyo usiochacha, akawapelekea wachungaji, na wengi wao hawakuitaka, kwa kuwa mazoea ya madhabahu hayabadilishwi na tabibu wa meno. Naye baada ya miaka michache akakata tamaa akarudi kwenye meno ya watu.

Mwanawe Charles, tabibu wa meno vile vile, ndiye aliyeifufua biashara, akawanywesha wageni wa maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893, na baadaye akauhamishia ukamuaji Westfield, jimbo la New York, palipokuwa na mashamba makubwa ya Concord. Siasa nayo haikumkalia mbali: mwaka 1913 William Jennings Bryan, Waziri wa Mambo ya Nje, aliwaandalia mabalozi maji ya zabibu badala ya mvinyo, na magazeti yakamcheka, na mwaka uliofuata Waziri wa Jeshi la Maji, Josephus Daniels, akapiga marufuku kileo katika manowari. Kila kicheko cha magazeti kilikuwa tangazo la bure.

Lakini habari za kiwanda si habari za nyumbani, na nyumbani ndiko ilikokuwa kazi kubwa zaidi. Tarehe 30 Novemba 1858, John Landis Mason, mhunzi wa bati, alikuwa amepata hati juu ya chupa pana yenye meno ya parafujo shingoni na kifuniko cha zinki cha kukaza kwa mkono. Kabla yake mwanamke wa nyumbani aliyetaka kuhifadhi matunda alihitaji kizibo, nta iliyoyeyushwa, na mkono wa bahati. Baada yake alihitaji kukaza tu. Palikuwa na ila moja, kwamba zinki ikiguswa na maji machachu hutoa ladha mbaya, na ila hiyo iliondolewa mwaka 1869, mwaka ule ule wa Welch, Lewis Boyd alipotia bamba la kioo cheupe chini ya kifuniko. Hati ya Mason ilipomalizika muda wake viwanda vikazagaa, na ndugu watano wa jamaa ya Ball walihamia Muncie, jimbo la Indiana, mwaka 1887 kwa kufuata gesi ya ardhini ya kuwashia tanuri zao, wakajaza nchi nzima chupa. Mason alikufa maskini mwaka 1902. Yaonekana kizibo hakimtajirishi akivumbuaye.

Katika nyumba za mashambani huko, mwezi wa Septemba, kazi ilikwenda hivi. Zabibu zilichambuliwa vikonyo, zikaoshwa, zikapondwa katika sufuria na maji kidogo, zikapashwa moto taratibu bila ya kuchemka sana hata ganda likatoa rangi yake. Kisha zikamiminwa katika mfuko wa nguo nzito ulioning'inizwa juu ya bakuli, ukaachwa udondoke usiku kucha, na bibi mwenye heshima na kazi yake hakuukamua mfuko, kwani akiukamua maji huwa na vumbi. Yale maji hayakutiwa chupani siku ile. Yaliwekwa mahali pa baridi siku moja au mbili, na chini ya bakuli pakaganda chembe ngumu za chumvi ya zabibu, zenye kukwaruza ulimi. Ndipo yakamiminwa polepole, masimbi yakaachwa, yakapashwa moto tena, yakatiwa katika chupa zilizochemshwa, na chupa zikaingizwa katika maji ya moto. Aliyekuwa na watoto wengi na saa chache alifanya kwa mkato: alitia kikombe cha zabibu nzima na nusu kikombe cha sukari katika chupa, akajaza maji yanayochemka, akafunga, akachemsha, akaisahau rafuni, na wakati wa theluji zabibu zile zilikuwa zimekwisha kuyapa maji rangi na ladha yake yote, zikabaki maganda meupe chini.

Katika Ujerumani mambo yalikwenda kwa njia iliyokaribiana na hiyo. Rudolf Rempel, mtaalamu wa kemia, alipata hati mwaka 1892 juu ya chupa ya kioo yenye kifuniko cha kioo na pete ya mpira baina yao, iliyobanwa wakati wa kuchemsha. Ikipoa, mvuke uliomo hupungua, hewa ya nje hukikandamiza kifuniko, na kibano chaweza kuondolewa. Baada ya kufa kwake hati hiyo ilinunuliwa na Johann Carl Weck, mtu asiyekula nyama wala kugusa kileo, ambaye mwaka 1900 alianzisha kampuni yake huko Öflingen, karibu na mpaka wa Uswisi, nchi yenye miti mingi ya matunda, ambayo mazao yake mengi yaliishia katika pombe kali, jambo lililomsikitisha. Ng'ambo ya mpaka, Hermann Müller-Thurgau alikuwa amekwisha kuandika, mwaka 1896, kitabu juu ya kutengeneza vinywaji vya matunda na zabibu visivyo na kileo kwa njia ya moto wa kadiri. Baadaye nyumba za Ujerumani na Ufini zikapata na sufuria ya ghorofa tatu, maji chini, matunda juu katika chujio, na katikati chombo cha kupokea, ambamo mvuke huyakamua matunda wenyewe na maji yake hutoka kwa mpira yakiwa moto, yakaingia moja kwa moja chupani.

Na sasa nitaje kinyume chake, maana historia hupenda dhihaka. Marekani ilipoharimisha vileo kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1919, kifungu chake cha 29 kilimwachia mwenye nyumba kutengeneza maji ya matunda yasiyolevya kwa matumizi ya nyumbani, na kifungu hicho, kilichotakiwa kiwahifadhi wafuasi wa Welch, kikawa ngao ya walevi. Zabibu za California zilisafirishwa kwa mabehewa kwenda mijini kuliko wakati wowote, na zikauzwa hata shira za zabibu zilizogandishwa matofali, zikiwa na onyo kali juu yake kwamba mnunuzi asije akaziyeyusha katika maji na kuziacha mahali pa joto kwa siku kadhaa, maana zitageuka mvinyo. Kila mtu alilielewa onyo hilo. Sheria ilifutwa mwaka 1933, na hamira haikuwa imejali kuwekwa kwake wala kufutwa kwake.

Imebaki habari ya hatari, nayo siipiti haraka kwa kuwa imeua watu. Mwishoni mwa mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wapiga bendi waliokuja mazikoni walikula paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi, na watatu wakafa. Na daktari Émile van Ermengem akakigundua kijidudu ambacho hutunga mbegu zisizokufa kwa maji ya kuchemka, na ambacho hupenda mahali pasipo hewa, yaani mahali kama ndani ya chupa iliyozibwa vizuri. Kwa hiyo nyama na kunde hazisalimiki kwa kuchemshwa tu. Zataka sufuria ya shindikizo ipandishe joto juu ya kiwango cha maji kuchemka. Kinachoyaokoa maji ya matunda ni uchachu wake, kwani mbegu hizo haziamki penye uchachu, na wataalamu wameuweka mpaka kwenye kipimo cha uchachu (pH) cha 4.6; kadiri kipimo kinavyoshuka chini ya hapo ndivyo uchachu unavyozidi na salama inavyozidi. Hiyo ndiyo sababu Appert na Welch, wasiojua lolote la mbegu hizo, hawakumwua mnywaji wao wa maji ya zabibu.

Pwani yetu haikuingia sana katika kazi hii, na sioni kuwa ni upungufu. Mwenye bungo, pasheni, machungwa na ukwaju, kila kimoja na msimu wake na baina ya misimu hakuna theluji, hana haja ya kuufungia mwaka ndani ya chupa. Alichokihifadhi alikihifadhi kwa jua na chumvi, ndimu na maembe ya achari, ukwaju uliokaushwa, na kwa jamaa zetu wa Oman ndimu zilizokauka hata zikawa nyeusi. Lakini maembe huoza kwa malundo chini ya miembe kila msimu, na nanasi huuzwa kwa bei ya kutupa, na chupa na sufuria siku hizi haziko mbali na mtu yeyote.

Atakayejaribu na ayashike mambo mawili. Maji ya machungwa, ya pasheni, ya nanasi, ya ukwaju na ya ndimu yamo ndani ya mpaka wa salama. Lakini papai, tikiti na madafu yako nje yake, na embe lililoiva mno laweza kuuvuka, kwa hiyo papai na embe visitiwe chupani bila ya ndimu ya kutosha iliyopimwa, maji ya tikiti yanywewe siku yalipokamuliwa, na madafu siku yalipoangushwa. Tena muda wa kuchemsha hufuata kimo cha nchi: chupa ya lita moja ya maji ya zabibu au ya matofaa, ikiwa imejazwa moto, hutoshelezwa na dakika 5 katika maji yanayochemka kwa mtu wa Tanga au Mombasa, ila akaaye Nairobi, ambako maji huchemka kabla ya kufikia joto lile la pwani, ataichemsha dakika 10.